Usitoe Hela Kabla Sijafika Tunduma

Itaka, Mbozi

Mwanangu,

Bibi yako mguu unaendelea vizuri, kahawa tumeanza kuichuma, na dada yako amejifungua salama mtoto wa kike. Mengine utayakuta ukija.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya maneno niliyoyasikia Jumapili tulipotoka kanisani. Naambiwa umempata mtu huko Tunduma anayekuuzia muziki mzima, spika na amplifaya yake, na kwamba umekubali kuliweka rehani shamba la kahawa la marehemu baba yako ili upate mkopo. Naambiwa pia huyo mtu anataka nusu ya hela kabla hujausikia muziki wenyewe ukipiga. Kama ni uongo, nijulishe nilale. Kama ni kweli, usitoe hela. Isome barua hii kwanza mpaka mwisho.

Biashara yenyewe sikukatazi. Kahawa ikishauzwa, harusi na kipaimara zinafuatana kuanzia huku kwetu hadi Vwawa, na mwenye muziki wake hakosi kuitwa. Tena naielewa hamu ya kijana kutaka vyombo vyake mwenyewe. Mlimani Park, bendi tuliyoisikiliza redioni usiku kucha, ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya umma ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Waimbaji wakubwa namna ile, na vyombo ni vya shirika. Kwa hiyo usiseme mimi baba yako mkubwa nina wivu. Ninachokiogopa ni shamba kwenda kwa ajili ya namba iliyochapwa kwenye boksi.

Maana nimeambiwa unaisifia amplifaya hiyo kuwa ni ya wati 5,000. Igeuze nyuma, pale waya wa umeme unapoingia, usome fyuzi. Ikiwa fyuzi ni ya ampea 5 na umeme wetu ni volti 230, zidisha mwenyewe: ni wati 1,150. Hizo ndizo zinazoweza kuingia kwa mfululizo, na sehemu yake inaishia kuwa joto kabla hata ya kufika kwenye spika. Sasa hizo 5,000 zinatoka wapi? Wanaandika nguvu ya kishindo cha chini ya sekunde, kisha wanaikuza. Wewe tafuta wati za mfululizo, zile zinazoandikwa RMS, na uzitafute kwenye chombo chenyewe. Boksi lisikudanganye.

Na hata wati za kweli zisikulevye. Ukiziongeza mara mbili unapata desibeli 3 tu, na sikio linaona tofauti ndogo. Ili watu waseme sauti imekuwa mara mbili, zinatakiwa wati karibu mara kumi. Kinachoamua zaidi ni spika. Spika ya maana inaandikwa inatoa desibeli ngapi ikipewa wati 1, ukiisikiliza kutoka mita 1. Moja ikiwa 94 na ya pili 97, hiyo ya pili inakupa sauti ambayo ile ya kwanza ingeitafutia amplifaya kubwa mara mbili. Enzi za TANU tulisikika bonde hadi bonde kwa honi mbili juu ya Land Rover na amplifaya ya betri ya gari, wati chache mno, kwa kuwa honi haipotezi nguvu nyingi kama spika ya kawaida. Honi hizo nilizifunga kwa mikono yangu. Leo vijana wa hapa wanadhani sauti ilikuja Itaka pamoja na wao.

Sasa nikusimulie habari ya yule kijana wa Igamba. Jina lake nalihifadhi, mama yake bado yupo na hapendi kuisikia habari hii. Alikuwa na muziki mzuri tu: spika nne za omu 8, mbili kila upande, na amplifaya iliyoandikwa isipewe chini ya omu 4. Spika mbili za omu 8 zikifungwa pamoja zinakuwa omu 4, kwa hiyo alikuwa sawasawa kabisa, na angekula kwa muziki ule miaka mingi. Ikaja harusi kubwa, mwaka ambao kahawa ilikuwa na bei. Akaona uwanja ni mpana, akaazima spika nne nyingine kwa rafiki yake na kuzifunga kwenye amplifaya ileile. Zikawa nne kila upande, yaani omu 2. Ni sawa na kumfunga maksai mmoja plau mbili na kumchapa apande mlima. Nilikuwa mgeni kwenye harusi hiyo. Nilimfuata nikamwambia azirudishe za watu, apunguze sauti, spika zake aziinue juu ya meza ili sauti ipite juu ya vichwa. Alinijibu kwamba mambo ya honi yamepitwa na wakati.

Amplifaya ikachemka. Ingekuwa nzima, kinga yake ingekata sauti na hasara ingeishia hapo, lakini kinga hiyo ilishaondolewa. Ilikuwa imemsumbua kwenye shughuli zilizotangulia kwa kukata sauti mara kwa mara, akampelekea fundi mmoja, na fundi akairuka kwa kipande cha waya. Mwanangu, ukiona kinga inakata, chombo kinakuambia kwamba kuna jambo. Tafuta jambo hilo. Fundi anayekushauri uondoe kinga usimpelekee hata redio.

Basi mshereheshaji akawa anapiga kelele, ongeza sauti, ongeza sauti. Kijana akapandisha miksa mpaka taa nyekundu za amplifaya zikawaka na hazikuzima tena. Taa hizo maana yake ni kwamba amplifaya imefika mwisho wa nguvu zake, na mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa. Unasikia mikwaruzo, na umeme unaokwenda kwenye twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, unazidi kiasi chake. Twita ya kwanza ikafa. Sauti ikawa nzito kama ya mtu aliyeziba mdomo, maneno hayasikiki, naye akadhani dawa ni kuongeza sauti nyembamba, basi akaziua na zilizobaki. Watu wanaamini spika inaunguzwa na amplifaya kubwa. Nimefungua spika nyingi katika maisha yangu, na nyingi kati ya hizo ziliunguzwa na amplifaya ndogo iliyolazimishwa. Ndiyo maana nakuambia, spika ikiwa ya wati 300 za mfululizo, tafuta amplifaya ya 400 au 500 kwa omu hizohizo, halafu usiifikishe mwisho. Hiyo akiba ndiyo inayolinda twita.

Fyuzi nayo ikakatika. Hapo palikuwa mahali pa mwisho pa kuokoka. Akachukua karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, akaivingirisha kwenye fyuzi, akairudisha. Haikumaliza nyimbo mbili. Transista za kutolea sauti zikaungana ndani, na kwa kuwa kinga haikuwepo, umeme wa moja kwa moja ukaingia kwenye bezi. Koni zikasukumwa nje zikagandia hapo, koili zikaanza kuungua, moshi ukatoka kwenye maboksi kabla keki haijakatwa. Zake na za kuazima, zote. Alikuwa ameshakula malipo ya awali ya harusi nyingine. Baba yake aliuza ng'ombe, kisha kipande cha shamba, na deni la zile spika za rafiki likavunja urafiki wa familia mbili. Kijana akakimbilia Tunduma kupakua mizigo kwenye malori. Wewe umetoka Itaka kwenda Tunduma ukiwa na shamba, na ndiyo maana silali.

Nakujua hupendi kuambiwa. Baba yako alikuwa hivyohivyo. Alichukua amplifaya yangu kwa ajili ya msiba, akairudisha kifundo cha sauti kimevunjika na ndani imejaa maji ya mvua, na mpaka anaingia kaburini hakuwahi kuniambia pole. Nimeshamsamehe. Na ile kamati iliyonunua vyombo vipya vya kwaya bila kuniuliza, mimi niliyewafungia maiki miaka yote bila kulipwa hata nauli, nayo nimeisamehe, ingawa spika zake sasa zinakoroma na kila mtu anasikia.

Siku ya kununua usiende na hela, nenda na mita ya fundi. Spika ya omu 8 ukiipima haisomi 8, inasoma karibu 6. Isiposoma kitu, koili imekatika. Isukume koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, ukiihisi inakwaruza ndani ujue koili ilishaungua. Muziki upigwe kwa sauti ya kazi muda wa saa nzima, na wimbo uwe unaoujua wewe, asiuchague yeye. Nusa nyuma ya amplifaya. Kwangua ncha ya waya wa spika: ukiwa mweupe ndani, hiyo si shaba tupu hata kama nje unang'aa. Dai risiti. Kituo cha pamoja cha mpakani Tunduma na Nakonde kimefunguliwa tangu mwaka 2019, na mfanyabiashara mwaminifu hana sababu ya kupitisha amplifaya njia za panya. Watu wa kodi wa TRA wakiikamata mkononi mwako, yeye hatakuwepo.

Kuwasha, anza na miksa na umalizie na amplifaya. Kuzima, anza na amplifaya. Jenereta iache itulie kwanza, pima volti zake, ndipo uunganishe muziki. Umeme ukikatika, zima amplifaya papo hapo, usingoje urudi nayo ikiwa imewashwa. Waya wa spika uwe mnene na mfupi, na wa maiki usiutumie kwenye spika kamwe. Spika zitangulie mbele ya maiki, la sivyo zitapiga filimbi shughuli nzima. Ukisikia mvumo, usikate mguu wa ethi kwenye plagi ili unyamaze; mwimbaji aliyeshika maiki anaweza kufa. Matarumbeta yetu ya Kimoraviani yakiwepo, usiyawekee maiki, yanajaza uwanja bila waya.

Kiangazi vumbi letu jekundu linaziba feni ya amplifaya, nalo ndilo linalozimaliza nyingi huku Mbozi. Kila baada ya shughuli chache ifungue ikiwa imechomolewa ukutani na imepumzika, uipige brashi kavu. Masika weka spika juu ya mbao, mbali na ukuta, kwa sababu koni za karatasi zinaota ukungu, na panya wanazipenda. Usizihifadhi kwenye stoo ya mbolea. Chumvi ya mbolea inavuta unyevu na kula shaba na soketi, na stoo ya baba yako ni ya mbolea tupu, naijua.

Na masikio yako. Wataalamu wanasema desibeli 85 ni za saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, hivyo kwenye 100 unabaki na robo saa. Wewe utasimama pale tangu mchana mpaka usiku wa manane. Usiweke watoto mbele ya sabufa, hata mama zao wakikuambia wanafurahi. Serikali nayo ina kanuni za kelele tangu mwaka 2015, kwa hiyo mjini ulizia kibali kwanza.

Nimefikiri hivi. Anza na spika mbili nzuri na amplifaya moja yenye akiba, kwa hela ya kahawa ya msimu huu bila mkopo. Mimi nitakuongezea kidogo, na meza yangu ya ufundi ni yako, na vifaa vyake vyote. Msimu ujao utaongeza sabufa. Hati ya shamba ibaki kwa bibi yako pale ilipo.

Jumamosi napanda gari la asubuhi hadi Mlowo, niunganishe Tunduma. Nipokee stendi, twende wote kwa huyo mtu, nina mita yangu na wimbo wangu. Kama muziki wake ni mzima, hatakataa tuusikilize. Akikwambia kuna mteja mwingine anayekuja Ijumaa, mwache amuuzie huyo.

Ni mimi baba yako mkubwa.