Bei Niliyoona Haya Kuitaja



Jumamosi moja, baada ya mafundisho, binti mmoja mshonaji alibaki nyuma wenzake walipokuwa wakitoka. Nilimfundisha alipojiandaa kwa kipaimara. Sasa ana cherehani yake na kibanda kidogo karibu na soko hapa Bukavu. Akanieleza habari ya mama mmoja aliyemletea kikwembe cha kushona kwa ajili ya harusi. Vazi lilishonwa, likavaliwa, likachezewa ngoma, kisha Jumatatu yule mama akasema limeshonwa vibaya na salio halilipi. "Papa Mwalimu," akaniuliza, "watu wa namna hii niishi nao vipi? Nikinyamaza nakula hasara, nikisema naitwa mkorofi."

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba arudi juma lililofuata, kwa sababu swali lake lilinirudisha kwenye jambo ambalo sikuwa nimewahi kulisimulia kwa mtu.

Nilisomea ualimu. Wenye umri wangu wanakumbuka kwamba tangu mwanzo wa miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu katika nchi yetu ulikuwa jina tu, na mchango wa wazazi ndio uliotufikisha mwisho wa mwezi, pale ulipotufikisha. Basi nikatafuta kazi ya pembeni: kutafsiri maandishi kutoka Kifaransa hadi Kiswahili. Baada ya vita mashirika yalikuwa mengi Kivu, nayo yalihitaji vijitabu ambavyo watu wa vijijini wangeweza kuvisoma. Sikuwa na mkubwa wa kazi wala ofisi. Nilikuwa na kamusi mbili, kalamu na kandili.

Mteja aliyenitesa kuliko wote alikuwa mtu wa parokia yetu, tuliyesali naye kila Dominika. Aliniletea kitabu cha mafunzo cha kurasa arobaini. Nilimwuliza anakihitaji lini. Sikumwuliza atalipa nini. Yeye mwenyewe alipogusia malipo, niliona haya. Mwalimu, tena katekista, ataanzaje kupiga hesabu ya fedha mbele ya ndugu? Nikatamka neno moja ambalo limewapotezea watu wengi jasho lao: "Tutaelewana."

Nilifanya kazi usiku kwa majuma matatu. Kabla sijamaliza, akaleta ukurasa wa kuongeza. Kisha mwingine. Kisha sura nzima ikabadilishwa, na kila mara alisema, "Ni kidogo tu, Mwalimu." Moyoni nilikuwa nimeshapanga kwamba kazi ile ni ya dola themanini. Siku ya kukabidhi alinipa ishirini, noti mbili za kumi, moja imechanika pembeni. Hapa kwetu hamhitaji kuelezwa: dola iliyochanika, hata kwa upana wa ukucha, hakuna mwuza duka anayeipokea. Nikaitazama ile noti, nikasema, "Aksanti." Nikaenda nyumbani.

Yaliyofuata ndiyo yanayonitia aibu zaidi. Kwake sikusema kitu, lakini kwa wengine nilisema sana: kwa kijana wa fotokopi, kwa waimbaji, kwa jirani. Kwenye Misa, ilipofika saa ya kupeana amani, niligeukia upande mwingine. Ilipita karibu mwaka. Mwishowe alinisubiri mlangoni akaniuliza nimekosewa nini. Nikamwambia kwa hasira. Akanisikiliza mpaka mwisho, akajibu, "Lakini, Mwalimu, hukuniambia. Ningejuaje?"

Wakati ule niliona huo ni ujanja. Huenda ulikuwamo, mtu mzima anajua kwamba kurasa arobaini hazitafsiriwi kwa dola kumi na noti mbovu. Hata hivyo, mlango wa kujifichia nilimfungulia mimi. Nilimwachia apange bei apendavyo, halafu nikamchukia kwa sababu aliipanga.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaambia vijana wanaojifanyia kazi wenyewe, wawe wasusi, maseremala, wapiga picha au watengeneza simu, kwamba wao wako nje ya kivuli ambacho mfanyakazi wa ofisi anacho. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamhusu mwenye mwajiri. Fundi anayepokea kazi leo kwa huyu na kesho kwa yule analindwa hasa na makubaliano yake, na hayo si kitu kidogo: dekreti ya zamani sana, ya tarehe 30 Julai 1888, ingali inatumika kwetu, nayo inayafanya mapatano halali yawe kama sheria kwa wale walioyafanya. Sasa, ukisema "tutaelewana", umeandika sheria gani?

Katika Kitabu cha Mwanzo kuna kibarua mmoja ambaye namwelewa vizuri: Yakobo kwa Labani. Alitumika miaka ishirini, akalalamika kwamba ujira wake ulibadilishwa mara kumi, tena na mjomba wake. Ninachopenda ni namna alivyopatana naye: wanyama wenye madoadoa na mabaka wawe wake, wengine wawe wa Labani. Mapatano ya kuonekana kwa macho! Mpita njia yeyote angeweza kutazama zizi na kusema kipi ni cha nani. Labani alijaribu kumpunja hata hivyo, maana siku ileile aliwatenga wale wenye madoa akawaondoa. Karatasi haimgeuzi mtu. Lakini angalau ilijulikana wazi ni nani aliyevunja neno.

Kwa hiyo karatasi yangu ya siku hizi ni fupi, na inakaa ndani ya daftari la kawaida. Inataja kazi yenyewe, idadi ya kurasa, siku ya kukabidhi, na bei. Inasema masahihisho ni mara mbili. Zaidi ya hapo ni kazi mpya. Inasema kama ni dola au faranka, na kama ni faranka, kwa kiwango cha siku gani, maana kati ya siku ya kupatana na siku ya kulipa kiwango kinaweza kukimbia. Ikiwa malipo ni kwa simu, inasema nani atabeba gharama ya kuzitoa fedha. Jambo hilo la mwisho linaonekana dogo mpaka siku mnapogombana juu yake. Nusu inalipwa kabla sijashika kalamu. Wengine wamechukia na kuondoka, na nimewaaga vizuri. Afadhali tuachane mlangoni kuliko kuachana kanisani.

Ilipofika Jumamosi ya pili, nilimsimulia binti yule haya yote. Kisha nikamwuliza swali ambalo hakulitarajia: "Vazi la yule mama ulimwahidi siku gani?" Akainamisha macho. Alimwahidi Jumatano. Alilitoa Ijumaa usiku, mkesha wa harusi, na upindo wa chini ulikuwa umeshikizwa kwa mkono tu, kwa sababu umeme ulikatika.

Hapo tukazungumza kwa kirefu. Sisi mafundi tunajua kulia juu ya wateja, ila "njoo Ijumaa" ni neno letu sisi. Tunapokea kazi kumi tukijua uwezo wetu ni sita, kwa hofu kwamba mteja akitoka hatarudi, na yule tunayemwita mgumu mara nyingine amekuja kibandani mara nne bila kupata kitu. Nilimshauri aende kwa yule mama kabla hajadai chochote, akiri kuchelewa, aombe upindo aushone upya bure, na baada ya hapo ataje salio lake kwa kiasi kamili, bila kulia na bila kutisha. Alikwenda. Alilipwa sehemu kubwa, si yote. Yule mama hajarudi kushona kwake, na sidhani kama atarudi.

Nikamsaidia kuandika karatasi yake kwa herufi kubwa, akaibandika ukutani juu ya cherehani: bei za mishono, nusu kwanza, siku ya kuchukua, na siku ya mwisho ya kupokea kazi kabla ya sikukuu.

Juma lililopita mke wangu alirudi nyumbani na kikwembe chake kikiwa bado kimekunjwa. Alikuwa amekipeleka bila fedha, akitumaini jina langu. "Huyo mtoto wako wa kipaimara," akaniambia, "amenionyesha ukuta." Nikacheka, nikaenda kutafuta hiyo nusu.