Ni nani aliyeua migomba yetu?

Kwetu katika milima ya Masisi, nyumba isiyo na migomba huhesabiwa kuwa nyumba ya mpita njia. Mgomba hutupa chakula, hutupa kasiksi ya arusi, hutupa na fedha za kuwalipia watoto masomo. Basi mtaelewa jinsi moyo ulivyotushuka asubuhi ile, miaka michache iliyopita, tulipokuta majani ya mgomba mmoja yamenyauka na kuning'inia, na hali udongo ulikuwa mbichi kwa mvua. Juma la pili yake iliugua mitatu. Mwezi haujaisha, ilikuwa kumi na mmoja. Mikungu ikaiva kabla ya wakati, ndizi moja manjano na ya pili yake ingali mbichi; na tulipozimenya, tuliona ndani madoa ya kahawia kama kutu.

Nyumbani walikwisha kupata jibu. Baba mdogo alituambia: «Mwalimu, migomba haifi bure. Yule mjane wa ng'ambo ya kijito alipita hapa jioni, akasimama, akaitazama mikungu yetu, akaenda zake bila kusema neno.»

Sisi, tunaowafundisha watoto darasani kwamba kila jambo lina chanzo chake, tulicheka. Lakini neno lile lilibaki moyoni kama mwiba. Hatukumshitaki mjane kwa mtu yeyote. Tuliacha tu kumsalimu. Tulipomwona njiani tulijifanya tuna haraka. Watoto wetu waliokuwa wakimchotea maji wakaona mwenendo wetu, nao wakaacha. Hakuna aliyewaamuru. Walisoma katika uso wetu, kama wanavyosoma ubaoni.

Hata siku moja bwana agronomo alipita kijijini, tukamwita. Hakuuliza ni nani aliyepita shambani. Aliuliza: «Mmekata shina mkaangalia ndani?» Tulikuwa tumekata mengi, ila kuangalia hatukuangalia. Akakata shina moja lililonyauka, akatuambia tungoje kidogo. Zilipopita dakika chache, ukatoka kwenye mkato ute mzito wa manjano, mfano wa usaha. Akasema: «Huu ndio mnyauko wa bakteria. Ni kijidudu kisichoonekana kwa macho.»

Akatueleza habari zake. Huko Ethiopia wataalamu waliandika juu yake mwaka 1968, walipouona katika enseti, mmea ulio ndugu ya mgomba. Mwaka 1974 wakaandika kwamba umeingia katika migomba yenyewe. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na mwaka uo huo ukaonekana hapa kwetu Masisi. Nyuki na wadudu wengine huuchukua kutoka ua hata ua, wanapotafuta asali katika lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu. Miche iliyotoka katika shamba gonjwa huuleta. Na kuliko vyote, huletwa na chuma: kisu na panga, vinavyokata mgomba mgonjwa kisha mzima.

Ndipo akauliza: «Panga hili mmelitumia wapi tena?»

Wasomaji, magoti yalitulegea. Kabla hatujaona jani moja kunyauka, mjane yule alikuwa ametuomba tumsafishie migomba yake, maana mikono yake imechoka. Tulitoka shambani mwetu na panga lile lile, tukavuka kijito. Na mgomba huweza kuwa na ugonjwa majuma kadhaa bila kuuonyesha.

Tukaenda kwake. Tulikuta mashina saba yametoa ute ule ule. Tukamwambia yote: panga letu, na ukimya wetu pia. Akatusikiliza, kisha akajibu: «Mwanangu, jioni ile nilikuja kukuuliza kwa nini migomba yangu inanyauka. Nilipoona na yako inanyauka, nikaona huruma kukuongezea huzuni. Nikarudi.»

Wahenga walisema: Kikulacho ki nguoni mwako. Sisi tulikitafuta ng'ambo ya kijito, na kumbe tulikishika mkononi.

Kwa hiyo, ndugu, mgomba ukiugua, tazama kwanza. Ukiona ute wa manjano katika shina lililokatwa, na ndizi zenye kutu ndani, ni mnyauko wa bakteria. Yakianza kugeuka manjano majani ya chini yaliyo makuukuu, na ndani ya shina kuna nyuzi za kahawia au nyekundu bila ute, huo ni mnyauko wa kuvu, ugonjwa mwingine. Mgomba ukiangushwa na upepo mdogo, pasua kitako chake: ukiona vichochoro, ni kazi ya fukusi, mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu, na watoto wake. Majani yakiwa membamba, yamesimama na kusongamana juu, ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na vidukari. Kila kimoja kina njia yake ya kupigwa vita, na anayekosea jina hukosea na dawa.

Mnyauko wa bakteria hauna dawa ya kunyunyiza. Lakini si lazima kung'oa kichaka kizima. Shina lililougua likatwe usawa wa udongo, shamba likaguliwe kila juma, na kila shina gonjwa likatwe bila kuchelewa. Kila baada ya kukata mgomba, panga lipitishwe motoni mpaka chuma kiwe cha moto sana. Ua jekundu liondolewe mara tu chana cha mwisho kinapotokea, kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu. Na miche isitolewe kamwe katika shamba lenye ugonjwa.

Tulifanya hivyo kwetu na kwa mjane, zamu kwa zamu, na moto uliwashwa katikati ya mashamba mawili. Hatukuokoa yote. Lakini leo migomba inasimama pande zote mbili za kijito, na watoto wamerudi kumchotea maji mama yule. Tunapovuka kwake, twaanza na salamu, kisha yeye mwenyewe hutuuliza: «Mwalimu, panga limepita motoni?»