Kutoka Darajani Hata Michenzani: Habari za Dawa za Minyoo

Atokaye Mkunazini kwenda Michenzani hana safari ndefu. Hupita soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, huvuka mahali palipokuwa zamani na maji ya hori, na mara huwa yuko Ng'ambo. Maji yamekwisha kufukiwa, bali majina yamebaki. Michenzani nako maana yake ni mahali penye michenza, lakini leo mgeni huona kwanza majumba marefu ya ghorofa ambayo Serikali ilianza kuyajenga baada ya Mapinduzi ya 1964, yamejipanga kandokando ya njia mbili zikutanazo kama msalaba.

Walakini miti haikutoweka. Ukiingia katika mitaa iliyo nyuma ya majumba hayo utaona mpapai uani, mkomamanga penye kiambaza, na mwarobaini wa kivuli. Wenyeji hawaitazami kama miti ya matunda na kivuli tu. Kwao ni sanduku la dawa, hasa dawa za minyoo.

Bibi mmoja wa mtaani humo, nilipokwisha kumwamkia, alinieleza desturi yao. "Mwalimu," alisema, "sisi tulilelewa kwa mbegu za papai. Huanikwa, hutwangwa, mtoto hulambishwa na asali." Nikamwuliza, "Kiasi gani, bibi?" Akacheka, akajibu, "Kwa kukisia, mwanangu. Mkono ndio mizani."

Wasomaji wapendwa, neno hilo la mizani ndilo ninalotaka tulitafakari, maana watu wengi hubishana kama miti ina nguvu au haina, na hilo si swali gumu. Nguvu imo. Huko Nigeria waganga wa hospitali waliwapa watoto 30 mbegu za papai zilizokaushwa pamoja na asali, na wengine 30 wakawapa asali peke yake. Habari zao zilichapishwa mwaka 2007: katika kundi la kwanza watoto 23 walionekana choo chao hakina vimelea tena, na katika kundi la pili 5 tu. Hata wanyama wanajua habari hizi. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, Mohamedi Seifu Kalunde na mwenziwe Michael Huffman walimwona sokwe mgonjwa akitafuna moyo mchungu wa mti ambao Watongwe huuita mjonso, na siku ya pili yake alikuwa amepata nafuu.

Basi, kama nguvu imo, shida iko wapi? Shida ni kwamba kitu kiwezacho kumwua mnyoo chaweza pia kumdhuru mtoto, na tofauti ya viwili hivyo ni kiasi. Mwaka 1878 Mfaransa Charles Tanret alitoa katika gamba la mkomamanga dawa ya tegu, lakini ikizidi ni sumu. Mwanzoni mwa karne ya 20 mafuta ya kenopodi, yaliyokamuliwa katika jani la Marekani, yalitumika sana kutibu safura. Yaliwaponya wengi, na wengine yakawaua, kwa kuwa kiasi kiponyacho kilikuwa karibu mno na kiasi kiuacho. Mafuta ya mwarobaini nayo yamewadhuru vibaya watoto wachanga huko Uhindi na Malaysia. Na mti hauna mizani: gamba la mti huu si kali sawasawa na la mti ule.

Kuna na shida ya pili, nayo ni ya jina. Watu wetu huita chango maumivu mengi ya tumbo, mengine hayana minyoo kabisa. Mtoto aliyepauka na kuchoka pengine ana safura, na mnyoo wake hunyonya damu kila siku. Mama akimpa majani mwezi mzima kwa kukisia, damu inazidi kupungua. Hapo ndipo hasara ilipo.

Dawa ya albendazole imekwisha kupimwa. Kidonge kimoja cha miligramu 400 ndicho kipimo cha mtu mzima na cha mtoto aliyetimiza miaka miwili. Aliye na mwaka mmoja hupewa nusu. Mwenye mimba asinywe kitu, wala kidonge wala utomvu wa papai, kabla ya kuuliza kliniki.

Lakini tusidhani ya kuwa kidonge kinamaliza kazi. Mchango mmoja wa kike huweza kutaga mayai 200,000 kwa siku, na mayai hayo hukaa udongoni hata miaka. Safura huingia kwa ngozi ya mguu mtupu. Kwa hiyo mtoto aliyeponywa leo, akirudi kucheza pale palipo na kinyesi, ataambukizwa tena, awe ametibiwa kwa mti au kwa kidonge.

Kwa hiyo nawashauri wazazi na walimu mambo haya. Kwanza, choo kifunikwe na kitumiwe hata na wadogo. Pili, viatu mguuni, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Tatu, mboga na matunda yaoshwe kwa maji safi. Nne, siku ya kugawa dawa shuleni, mtoto asifichwe nyumbani. Tano, mtoto aliyepauka, aliyevimba tumbo, au atapikaye minyoo, apelekwe hospitali upesi, choo chake kipimwe.

Wala tusiwadharau wazee wa Michenzani. Maarifa yao yaandikwe, na miti yao ipimwe na wenye mizani, kama walivyofanya wale wa Nigeria. Hata siku hiyo itakapofika, papai tulile kwa furaha kama tunda, na dawa ya mtoto tuipime.