Tuta Lililopinda

Bunduki nilipewa mwaka 1983 kama polisi wa akiba, nikiwa mwalimu wa darasa la nne hapa Masii. Polisi wa akiba hakuwa na mshahara. Ilikuwa kazi ya kujitolea tangu kikosi kilipoundwa mwaka 1948. Niliionea fahari hata hivyo. Mchana chaki, usiku bunduki ya Mark 4 begani, Jumamosi jembe la mwethya, kazi zetu za pamoja. Niliamini natosha kote.

Mwaka uliofuata masika hayakunyesha. Njaa ile sisi Wakamba tuliiita Nikw'a Ngwete, nafa nazo mkononi, kwa kuwa hata mwenye noti hakupata cha kununua. Mahindi ya manjano ya msaada yalipofika, tukapangiwa zamu za kulinda ghala. Nilikesha nimeegemea magunia, asubuhi naingia darasani macho mekundu, na watoto nao wanasinzia kwa njaa.

Ndipo mwethya ukafika shambani kwetu. Tulikuwa tukizunguka boma kwa boma kuchimba fanya juu: unachimba mtaro kukata mteremko, udongo unautupa upande wa juu hadi usimame tuta, maji ya mvua yasishuke na shamba. Wengi wa wachimbaji walikuwa akina mama. Kwetu, mwenye shamba ndiye hutangulia kupiga jembe, na siku hiyo mwenye shamba alikuwa ghalani. Mwenzangu alikuwa amejitolea kunishikia zamu. Nilikataa, nisije nikaonekana mzembe mbele ya sajini.

Mke wangu, mimba ya miezi saba, akatangulia yeye.

Jioni aliniwekea maji ya kuoga, akasema, "Baba Mwende, leo nimelima na jembe lako. Mpini wake ni mrefu." Hakuongeza neno, nami sikuomba radhi. Vuli ilipokuja, matuta yalishika maji yote.

Bunduki niliirudisha zamani. Sheria ya mwaka 2011 imekipa kikosi jina jipya, vijana wengine wanakesha. Mwethya umepungua, ukitaka mtaro leo, wengi huita vibarua. Mama Mwende alitutoka miaka minane iliyopita.

Tuta la tatu limepinda mwanzoni, hatua kama tano hivi. Ni pale alipochimba peke yake, kabla wenzake hawajafika na kamba ya kupimia. Mwaka jana kijana wetu, yule aliyekuwa tumboni, alitaka kulinyoosha. Nilimwomba aliache. Napita hapo kila asubuhi nikienda kukata majani ya ng'ombe.