Safari ya Kolwezi: Mavazi ya Vijana Wetu ku Masomo



Mwezi wa kumi uliopita niliitwa Kolwezi kufundisha vijana wa masomo moja ya sekondari kwa siku tatu. Waliniomba niseme juu ya mavazi. Wazazi walikuwa wananungunika, walimu walikuwa wamechoka, na wazee wa kanisa waliniandikia: "Pasteri, uje uwaambie hawa watoto ukweli." Nikafunga Biblia yangu na daftari yenye mafundisho matatu, nikapanda basi asubui sana. Leo ninawaandikia mambo niliyoyaona, na kosa nililolifanya mimi mwenyewe.

NJIANI

Toka Lubumbashi mupaka Kolwezi ni karibu kilometa 300. Wenye kujua ile barabara wanajua magari makubwa yanayobeba shaba na kobalti kwenda Kasumbalesa. Yanapita moja nyuma ya ingine, muchana na usiku, na vumbi inaingia hata ndani ya mukate unaokula.

Kwa Likasi basi lilisimama. Wamama walikuja na ndizi na karanga kwenye madirisha. Mimi niliangalia upande wa gare. Ni Likasi nilipokomalia, na ile gare ina neno ndani ya moyo wangu. Nitalirudilia.

Kisha Likasi tukapita Mulungwishi, misioni ya zamani ya Wametodiste, kisha vilima vya Fungurume, kisha tukavuka muto Lualaba. Magaribi tukaingia Kolwezi, muji ambao toka 2015 ndio muji mukubwa wa provensi ya Lualaba. Mugeni anashangaa namna mashimo ya madini yako karibu na nyumba za watu. Kule Kasulo, mwaka 2014 watu walivumbua kobalti chini ya viwanja vyao, wakaanza kuchimba ndani ya lupango, wengine hata ndani ya nyumba. Mupaka leo vijana wengi wanaacha kalasi juu ya mashimo. Sheria inakataza watoto kufanya ile kazi, lakini njaa haisomi sheria. Muzee mumoja aliniambia: "Mutoto akirudi na feza ambayo mwalimu wake haionake juma muzima, nani atamuambia asome?"

KWENYE MULANGO WA MASOMO

Asubui ya kwanza nilisimama kwenye mulango, nikawatazama wanafunzi wakiingia. Munajua inifomu ya inchi yetu: shimizi nyeupe, patalo ao jipe ya bulu. Wakubwa waliiweka ili mutoto wa tajiri na mutoto wa masikini wafanane. Toka mbali ni kweli, wote ni sawasawa. Lakini ukikaribia utaona kwamba watoto wamepata njia ya kutofautiana ndani ya ile inifomu moja.

Vijana wanaume wanapeleka patalo kwa mushonaji aipunguze mupaka muguu unapita kwa shida. Wengine wanaishusha chini ya kiuno. Mabinti wanakunja jipe kwenye mukaba ili iwe fupi, na wanapokaribia mulango wanaikunjua. Kuna wenye meshi kwenye kichwa, wanazificha chini ya fula. Kuna basketi nyeupe, wakati sheria ya masomo inaomba viatu vyeusi. Kuna telefone inayobebwa mukononi hata kama haina moto. Prefe alikuwa pale na makasi. Patalo iliyobana sana, alikuwa anaikata kwenye mushono, pale pale, mbele ya wote.

Nikauliza binti mumoja: "Mutoto wangu, kama inifomu ni moja, munashindania nini?"

Akanijibu bila woga: "Pasteri, inifomu iko moja. Lakini biatu njo binasemaka uko mutoto wa nani."

Wakubwa wenzangu, tusidanganyane, hili jambo halikuanza na hawa watoto. Baba zetu waliambiwa na serikali ya Mobutu nguo gani wavae. Wanaume walivaa abakosti, kravati ilikatazwa, na wamama walikatazwa kuvaa patalo. Mwaka 1972 hata majina ya ubatizo yaliondolewa. Ndani ya miaka ile ile, vijana wa Kinshasa walijibu kwa nguo za bei kali kutoka Ulaya. Wale tunawaita sapeur, na mwimbaji Papa Wemba, aliyekufa 2016 kule Abidjan wakati alikuwa anaimba mbele ya watu, ndiye aliwajulisha dunia nzima. Kisha tarehe 24 mwezi wa ine 1990 Mobutu aliruhusu kravati tena. Nilikuwa mutoto wa miaka kumi. Baba yangu alitoa kravati moja chini ya sanduku, akaivaa Siku ya Mungu ile ile, akatembea kanisani kama mutu aliyepewa cheo. Nguo imesema maneno mengi katika inchi hii mbele ya watoto wetu kuzaliwa.

KOTI

Joto ya mwezi wa kumi munaijua, wakati mvua inakawia. Ndani ya sala ya masomo tulikuwa tunatoka jasho. Kwenye mustari wa mwisho alikaa kijana mumoja amevaa koti nyeusi, imefungwa mupaka kwenye shingo.

Nilikuwa nafundisha kwamba mutu anaweza kufanya nguo kuwa mungu wake. Nilitafuta mufano, macho yangu yakaanguka juu yake. Nikasema: "Kwa mufano, tuko na ndugu mumoja kule nyuma. Anapenda koti yake kupita uzima wake. Sisi wote tunachomeka, lakini yeye anaogopa tusione kwamba iko mupya." Nikacheka. Sala yote ikacheka. Kijana akainamisha kichwa. Prefe akamuamuru aitoe. Akakataa. Akaamuriwa mara ya pili, akakataa tena, akafukuzwa kwenda kwao. Mimi nikaendelea kufundisha. Niliona hata kwamba fundisho limeingia vizuri.

Mangaribi tulikula bukari na sombe kwa ndugu aliyenipokea. Binti yake, anayesoma kalasi moja na ule kijana, hakusema neno. Nyuma ya maombi akaniambia, macho chini:

"Pasteri, ule kijana hawezi kutosha ile koti. Shimizi yake haiko na mugongo. Iko tu na kola na mbele. Shiye bote ku kalasi tunajua. Njo maana hatumuulizake."

Nikamuuliza: "Na kama munajua, juu ya nini mulicheka?"

Akajibu: "Juu ninyi Pasteri njo mulianza."

Wapendwa, sikulala vizuri. Nililetewa habari zingine. Ile koti ni ya mitumba, wanayoiita salaula ngambo ya Zambia. Siku ya posho kijana anaenda kusafisha mawe ya madini kwenye maji, ili alipe masomo yake. Munajua kwamba toka 2019 masomo ya msingi ni bure, lakini sekondari wazazi wanalipa. Feza yote inaishia pale, haibaki ya shimizi. Mutoto niliyemuita mwenye kiburi alikuwa anavumilia joto ili aweze kuketi na wenzake na kusoma.

JINA KWENYE KOLA

Sasa ninarudilia ile gare ya Likasi.

Baba yangu alikuwa mufanyakazi wa Gécamines. Wenye miaka kama yangu munakumbuka namna mambo yalivyoanguka ndani ya miaka ya 1990. Mine ya Kamoto iliporomoka 1990, mushahara ukaanza kukawia miezi na miezi, na mposho ambayo tuliizoea ikaisha. Mimi nilienda masomo na shimizi moja, mama aliifua kila usiku.

Ndani ya miaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji yetu. Maelfu walikusanyika kwenye gare za Likasi na Kolwezi, wakalala inje wakingojea treni, na wengi walikufa pale, zaidi watoto. Rafiki niliyekaa naye kiti kimoja alikuwa mumoja wao. Alizaliwa Likasi kama mimi. Kiswahili chake kilikuwa Kiswahili changu. Usiku mbele ya kwenda gare na wazazi wake, alikuja kwetu nyuma ya nyumba, akanipa shimizi yake ya pili, nyeupe, nzuri. Mama yake alishona jina lake ndani ya kola na uzi wa bulu.

Niliipokea kwa furaha. Na usiku ule ule nilichukua sindano, nikafumua lile jina, herufi moja moja, sababu niliogopa wenzangu wasione kwamba nimevaa shimizi ya mutu wa Kasai. Niliivaa miaka miwili. Gare ilikuwa mwendo wa dakika makumi mbili kutoka kwetu. Sikuenda hata siku moja kumusalimu. Mupaka leo sijamuona tena.

Juu ya nini? Nilitaka kufanana na wengine, ni hili tu. Ndiyo maana ninasema kwamba jambo la vijana wetu si jambo la patalo peke yake. Petro aliketi kwenye moto pamoja na watu wa kuhani mukubwa, akaota nao, na walipomuuliza juu ya Bwana wake akamukana, hata kama namna yake ya kusema ilimutambulisha (Matayo 26). Woga wa kutengwa uliingia kwanza, na kukana kukafuata.

SIKU YA PILI NA YA TATU

Saa kumi na mbili ya asubui nilienda na muzee mumoja wa kanisa kwa ule kijana. Mama yake alikuwa anafagia. Akamuita. Nikamuambia: "Mutoto wangu, jana nilikutendea zambi. Nilikuchekesha mbele ya watu bila kukujua. Unisamehe." Akaangalia chini, akasema: "Haina maneno, Pasteri." Lakini siku ile hakukuja masomo.

Mimi nilikosa mbele ya wote, basi ilifaa nitubu mbele ya wote. Niliweka daftari pembeni. Sikutaja shimizi ya ule kijana. Niliwaambia habari ya kola na uzi wa bulu, na kwamba mutu aliyewachekesha jana juu ya koti ya mwenzao ndiye ule aliyefumua jina la rafiki. Hakuna aliyecheka.

Binti mumoja akainua mukono: "Pasteri, basi tuvae namna gani?"

Niliwasomea 1 Samweli 17. Saulo alimuvika Daudi mavazi yake ya vita, kofia ya shaba na upanga. Daudi akajaribu kutembea, akashindwa, akavitosha. Havikuwa vibaya, vilikuwa vya mufalme! Lakini havikuwa vyake. Akachukua fimbo na mawe aliyoyazoea, na Mungu akamutumia na vile. Nikawaambia: "Kama nguo inakusaidia kutembea, uvae na usafi na adabu. Kama inakuzuia kutembea, kama inakuomba uibe, ulale na mutu, ao uache kalasi na kuingia kwenye shimo, uitoshe. Na kama ndugu yako hana nguo, usimucheke."

Siku ya tatu ule kijana alirudi, koti yake kwenye mwili. Prefe alimutazama, akatazama makasi yake, akamuacha apite bila neno. Vijana wawili wa mustari wa mbele wakasogea, wakamupa nafasi ya kukaa. Ile nafasi ilinifurahisha kupita mahubiri yote niliyofanya mwaka huu.

Na wamama wa kanisa? Hawakuleta msaada mbele ya watu. Walinunua kitambaa nyeupe sokoni, wakapatana na mushonaji mumoja, na yeye akaita watoto wane, mumoja mumoja, akawapima mugongo ndani ya duka lake. Nani alilipa, hawakuambiwa.

NENO KWETU WOTE

Wazazi, mbele ya kugombana juu ya patalo, muulize mutoto nani anamucheka masomoni. Pengine utasikia jambo ambalo hukulijua. Na wewe baba unayetafuta viatu vya bei kali ili jirani akuheshimu, ujue kwamba mutoto anakutazama.

Walimu na wachungaji, makasi inakata nguo, lakini haifundishi. Tumuite mutoto pembeni, tumuulize, kisha tuseme. Yakobo 2 inatukataza kumupa mwenye nguo nzuri kiti cha mbele na kumusimamisha masikini. Mimi nilimukalisha masikini nyuma, kisha nikamucheka.

Vijana wapendwa, kutaka kupendwa na wenzenu si zambi. Mungu ndiye aliweka hamu ile. Lakini muangalie bei yake. Kama wanakuomba ufumue jina la rafiki yako ili wakupokee, hawajakupokea wewe.

Wakati wa kurudi, basi lilisimama Likasi tena. Nilishuka, nikaenda mupaka kwenye gare, kwa muguu, dakika zile zile ambazo sikutembea 1993. Nilisimama kando ya chuma za treni, nikataja jina la rafiki yangu kwa sauti, nikamuombea, kama ni mutu muzima leo na watoto wake. Kisha nikarudi kwenye basi. Dereva alikuwa amekasirika, amenipigia honi mara tatu.

Bwana awabariki, awalinde watoto wenu njiani na masomoni. Amina.