Ukungu, mawe na mabibo

Haya wadau, leo si habari za boom. Lekcha moja ya udongo imenikaa kichwani wiki nzima.

Kule Minjingu, Manyara, kuna mwamba wa fosfeti uliotokana na kinyesi na mifupa ya ndege wa ziwani. Mashine zikishasaga, hubaki vumbi na makapi. Mmea hauwezi kula jiwe. Ila ukungu mweusi, Aspergillus niger, ukipewa sukari hutoa asidi ya sitriki na ya oksaliki, zinazoifungua ile fosfeti.

Sukari? Jamani, kwetu Nanyamba msimu wa korosho mabibo yanaozea chini ya mikorosho! Na bibi yangu analima mihogo kwenye mchanga uliochoka, mbolea ya dukani haimudu.

Basi mradi wangu wa mwaka wa mwisho ndio huo. Prof akikubali, nitawajuza.