Maktaba Isiyo na Baraza

Mpwa wangu ameanza masomo ya usanifu majengo jijini Dar es Salaam, naye anaishi kwangu. Nimezifuatilia wiki zake sita za mwanzo kwa jicho la mwalimu wa siasa, na naona yapo mambo yanayotuhusu sote, hata tusiojua kushika penseli.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa za mkono. Walichora mistari tu: ya mlalo, ya wima, ya mshazari, kwa penseli ngumu na laini, hadi mkono ukaacha kutetemeka. Kisha wakaagizwa kupima nyumba na kuichora kwa kipimio cha 1:100, yaani sentimita 1 ya karatasi iwe mita 1 ya ardhi. Alichagua nyumba ya bibi yake huko Temeke: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma, baraza mbele. Aliporudi na futikamba yake aliniambia kuwa baraza ile ina kimo cha sentimita 45, sawasawa na kiti. Fundi aliyeijenga hakuwa na shahada, lakini alijua goti la binadamu liko wapi. Hayo ndiyo manufaa ya kuchora kwa mkono: humlazimisha mtu kutazama.

Wiki ya nne ikaja kompyuta, na darasa likagawanyika. Waliotoka shule za ufundi walikwisha kuzoea uchoraji; wengi waliotoka shule za kata hawakuwahi kuona ubao wa kuchorea. Wenye kompyuta mpakato zenye nguvu walikwenda mbio. Wengine walisubiri zamu katika chumba kinachofungwa jioni. Leseni za kibiashara za programu nyingi zinazotakiwa hulipwa kila mwaka, na wanafunzi hupeana nakala zilizovunjwa kufuli. Tunawafundisha vijana taaluma na wizi kwa pamoja, kisha tunashangaa kuhusu maadili ya watumishi.

Usiku mmoja aliniita akiijenga nyumba ileile kwenye kioo. “Mjomba,” alisema, “humu mna makochi ya kila aina na miti ya nchi za baridi, lakini hakuna baraza wala jiko la mafiga.” Bila shaka anaweza kuliunda baraza mwenyewe, na aliliunda. Lakini mwanafunzi anayekimbizana na muda huchukua kilichopo maktabani. Miaka kumi baadaye, kilichopo maktabani ndicho kitakachosimama mtaani.

Siilaumu kompyuta. Marehemu Beda Amuli alisanifu Soko la Kariakoo lililojengwa miaka ya 1970, kabla ya programu ya AutoCAD kutolewa mwaka 1982. Paa lake lenye umbo la faneli hukinga mvua na kivuli kwa pamoja. Angekuwa na kompyuta, huenda angeifanya kazi hiyo upesi zaidi; lakini wazo la kwamba sokoni panahitajika upepo, kivuli na maji lilitoka kwa mtu aliyewatazama watu wake.

Zipo programu huria kama Blender na FreeCAD, zisizodai hata senti, na sheria inaruhusu kuzirekebisha. Vyuo vya umma vingeweza kuanzia hapo. Vyumba vya kompyuta vingeweza kubaki wazi usiku. Na michoro ya wanafunzi, ya mabaraza, nyua, vibanda vya mama lishe na vituo vya bodaboda, ingeweza kukusanywa iwe maktaba yetu.

Mtumishi wa mipango miji anayesoma haya anajua kwamba kisichochorwa hakihesabiwi. Kabla ya alama nyekundu ya X kupakwa ukutani, kulikuwa na mchoro ambamo nyumba ile haikuwamo. Tukiwaacha vijana wachore kwa vipande vya mitaa ya wengine, tusije kuuliza kwa nini mji mpya hauna mahali pa bibi kuketi.